Upande wa Pili wa Mpini

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo nimeambiwa nichague visu.

Si mzaha. Kampuni inatimiza miaka thelathini tangu baba mkwe auze pampu yake ya kwanza, na kila mteja mkubwa atapewa zawadi. Mwaka juzi tulitoa kalamu, zikavuja wino mifukoni mwa watu. Fundi mmoja alikuja na shati lake kutuonyesha. Mwaka jana kalenda. Mwaka huu Mzee kaamka na lake: kisu cha kukunja, kizuri, chenye jina la kampuni limechongwa kwenye mpini. "Kalenda inakufa Desemba," kasema. "Kisu, mtu anazeeka nacho."

Nikasema sawa, baba. Ndiyo kazi yangu hapa, kusema sawa, baba. Miaka sita sasa. Mimi ni seremala, nina cheti na makovu. Karakana niliyokuwa nafanyia kazi ilipofungwa, Mzee akaniomba nije kumsaidia mwezi mmoja kwenye mauzo. Mwezi wenyewe haujaisha mpaka leo.

Na leo nilikuwa nimejikaza nimwambie! Jumamosi wamenipigia kutoka chuo cha ufundi. Wanataka mwalimu wa useremala. Mimi — mwalimu! Mkuu wa chuo anataka jibu kufikia Ijumaa, kazi inaanza Jumatatu ya tarehe tatu Novemba. Asubuhi sentensi yangu niliipanga bafuni, nikairudia kwenye ngazi, nikaingia nayo ofisini kwa Mzee ikiwa nzima. Nikafungua mdomo. Akaniwahi na visu.

Jumanne, 7 Oktoba

Mke wangu anasema nimwambie mwenyewe. Yeye hawi mjumbe. Huyu baba yangu, kasema, na wewe mume wangu, mkiniweka katikati nitachanika. Haki yake. Ila anataka niende chuo, hafichi. Amechoka kula na mtu ambaye akiulizwa siku ilikuwaje anajibu "pampu".

Bosi wa kawaida unamwambia naacha kazi, ananuna, unakula kona. Huyu ni mkwe! Sijawahi hata kuketi kiti kinachotazamana na chake. Nikila kwake natafuna kama mtu anayesikilizwa. Unamwachiaje kazi mtu ambaye mbele yake unaona haya kupiga chafya?

Mafundi wa bomba wanamwita Mzee Presha. Kwa sababu ya pampu, wanadai. Waongo wakubwa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sampuli zimefika. Aina tatu, nimezipanga juu ya meza yake.

Ya kwanza ni kisu kidogo chekundu cha plastiki, kina mkasi, kibano na kijiti cha kuchokolea meno. Mzee kakitoa kile kijiti, kakitazama, kakirudisha. "Nimpe mtu mzima kijiti cha meno? Atasema nimeona nini mdomoni mwake?" Kikaondolewa.

Ya pili ni koleo la kukunja, chuma kitupu, zito. Ndani yake mna kisu, bisibisi mbili, tupa, msumeno mdogo, kifungua kopo na kitu kingine ambacho hata muuzaji hajui ni cha nini. Mzee alilipenda papo hapo. Kalibatiza "Fundi Mfukoni". Akaita iletwe pampu kutoka stoo, akavua koti, akapiga magoti kwenye zulia la ofisi — miaka sabini na ushee, magoti kwenye zulia! — akaanza kufungua kifuniko cha pampu kwa ile bisibisi. Skrubu ya kwanza ikatoka. Ya pili, bisibisi ikapinda. Akaiangalia muda mrefu, nikadhani atacheka. Hakucheka. "Zawadi isiyofanya kazi ni tusi," akasema. "Tena tusi lenye jina langu."

Ya tatu hatukuifikia, simu yake ililia. Ni kisu cha mpini wa mbao, ulimi mmoja tu, hakina mbwembwe. Nimekirudisha mezani kwangu. Nakishika tangu mchana. Mti mzuri huu! Mishipa yake imekwenda sambamba na mpini, si kinyume, kwa hiyo hautapasuka. Aliyeukata alijua anachofanya.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimekubali! Nimempigia mkuu wa chuo nikiwa ndani ya gari, vioo nimepandisha, jasho linanitiririka. Nikasema ndiyo. Akasema karibu sana mwalimu. Mwalimu!

Nilishuka garini najiona mrefu. Nikafika mlangoni, Mzee yuko pale, kaniuliza mbona nimelowa. Nikasema joto, baba.

Basi. Sasa maji nimeyavulia nguo, sina budi kuyaoga. Nitamwambia visu vikishaisha. Nikimwambia sasa itaonekana nimemtupia kazi katikati. Visu vichongwe, vigawiwe, sherehe ipite, halafu namkalisha, namweleza kwa heshima zote. Hiyo ndiyo njia ya kistaarabu.

Mke wangu kaniangalia tu. Nimempa sababu zote hizo akaniuliza kama visu vikiisha hapatazuka vijiko.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kisu cha mbao kimeshinda.

Mzee alitaka kusikia kwa nini hiki. Nikaanza kueleza kidogo, kiungwana. Kisha sijui shetani gani kanipanda! Nikamwonyesha mishipa ya mti. Nikamwambia chuma kinatoka kiwandani kimekwisha, lakini mpini wa mbao unaendelea kutengenezwa na mkono wa mwenyewe, mwaka wa tano unang'aa kuliko siku ya kwanza. Nikamkunjia, nikamkunjulia, nikamsikilizisha mlio wa springi. Nikamwambia apitishe kidole hapa chuma kinapokutana na mbao, kama kucha itanasa. Haikunasa. Nadhani nilikuwa nimesimama. Nadhani nilipunga mikono.

Nilipomaliza, Mzee hatazami kisu, ananitazama mimi. Miaka sita hajaniona nikisema sentensi tatu zimefuatana.

Akasema: "Kumbe unaipenda hii kazi."

Nikasema sawa, baba. Hata haikuwa jibu la swali!

Jumatano, 15 Oktoba

Kwa mchongaji. Chumba kimoja nyuma ya duka la vitabu, mashine ya leza imejaza nusu ya chumba, feni dirishani. Mwenye mashine ni binti wa miaka kama thelathini. Mtaa mzima wanamwita Dada Leza. Anaongea bila kuinua kichwa. Kaniuliza mbao gani. Nikamtajia. Akainua kichwa.

Kwenye chuma, anasema, leza inaacha maandishi ya kijivu, lazima ugeuze kitu kwenye mwanga ndipo usome. Kwenye rangi inakwangua. Kwenye mbao inachoma, ni kovu. Hakuna kufuta. Ukitaka kufuta unasugua mpini mpaka wembamba wa kalamu, na bado kivuli kinabaki.

Akajaribu kwenye kipande cha mbao alichokuwa nacho. Harufu ya mbao inayoungua! Nilifumba macho kabisa, nikajiona karakana, vumbi kichwani, penseli sikioni. Binti wa watu kaniuliza kama moshi unaniumiza. Nikasema hapana, endelea, tafadhali.

Jina la kampuni lilikuwa refu kuliko mpini. Tumefuta "Wauzaji Mashuhuri wa". Hakuna atakayeyalilia.

Jumapili, 19 Oktoba

Chakula cha mchana ukweni. Nilienda na nia. Visu viko njiani, nikasema potelea mbali, leo namwambia. Nilikuwa nimemwomba mke wangu amshughulishe mama yake jikoni, akakubali. Tukabaki wawili sebuleni, mimi na Mzee. Televisheni imezimwa. Nafasi kama hiyo hairudi.

Nikasema, baba, kuna jambo.

Akasema, hata mimi nina jambo, nianze mimi, mimi mkubwa.

Akaanza. Siku alipofungua duka, ndugu zake walimcheka. Mabinti watatu, hana wa kiume, anamjengea nani? Kaka yake mkubwa alisimama mbele ya watu akamwambia, "asiye na mwana aeleke jiwe." Basi, kasema Mzee, nikaeleka pampu. Miaka thelathini nimeeleka pampu mgongoni.

Alikuwa anatabasamu. Macho yake hayakuwa yanatabasamu hata kidogo. Kisha akasema: "Sasa na wewe. Jambo lako?"

Nikasema... Aibu hata kuandika. Nikasema tupake mipini mafuta kidogo kabla ya kuvifunga, mbao isikauke.

Akapiga goti lake kwa kiganja. "Unaona!" akasema. Mama mkwe akatokeza kichwa kutoka jikoni kuuliza kuna nini. "Hakuna. Tunaongea kazi, mimi na huyu."

Kwenye gari mke wangu kauliza: umemwambia? Nikasema nimemwambia kuhusu mafuta. Akapandisha sauti ya redio mpaka nyumbani.

Jumanne, 21 Oktoba

Jambo la ajabu.

Dada Leza kanipigia niende kuidhinisha sampuli ya mwisho kabla hajachonga mzigo wote. Nikafika. Kisu kiko mezani, upande mmoja jina la kampuni, picha ya pampu ndogo, "Miaka 30". Safi! Herufi kali, kina kile kile kote, hakuna palipoungua zaidi. Nikataka kukigeuza.

Upande wa pili umebandikwa utepe mweusi wa gamu.

Nikamtazama. Akasema Mzee alikuja mwenyewe jana jioni. Kaleta maandishi ya upande wa pili kwa mkono wake. Kasema mkwe aidhinishe upande huu tu. Ule ni wake.

Sasa mimi ndiye niliyepewa kazi hii. Mimi ndiye nitakayelaumiwa kama kuna herufi imeruka. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye ncha ya gamu. Dada Leza kaegemea mashine, kakunja mikono, anasubiri aone. Sikubandua. Mkwe kakwambia usitazame, unatazama? Hata kama hayupo! Hata kama hatajua! Heshima si utumwa, nilijisemea, nikakiweka mezani kile kisu kama mtoto aliyeambiwa asiguse.

"Mtu mwingine angebandua," kasema Dada Leza.

Nikasema endelea. Chonga vyote.

Pengine ni mstari wa dini. Pengine tarehe ya ndoa yake. Mzee ana mambo yake.

Ijumaa, 24 Oktoba

Vimekuja, mia mbili. Kila kimoja ndani ya kiboksi chake, viboksi vimefungwa kwa stika ya kampuni. Mzee katoa amri: hakuna kufungua, zawadi haifunguliwi na anayeipeleka. Na wa kupeleka ni mimi. Si dereva, si karani. Mimi, mkono kwa mkono, kila mteja.

Nikauliza kama na mimi nitapata kimoja. Akasema chako kipo, kina siku yake.

Nilidhani Mzee hakupaka mafuta. Kapaka! Karani ndiye kanieleza: jana Mzee alienda kwa Dada Leza na chupa ya mafuta na kitambaa, wakapaka wote wawili hadi jioni.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimegawa siku nzima. Maduka ya vifaa, ofisi za wakandarasi, karakana za mafundi bomba. Naingia, natoa kiboksi, nasema shukrani kwa miaka thelathini. Wanapokea, wanaweka kando, watafungua wakitulia. Mtu mzima hafungui zawadi mbele ya aliyeleta, nami sikai kusubiri.

Kila mlango nikitoka nahisi mwepesi. Kila kiboksi kinachotoka kwenye gari ni hatua moja kuelekea nje. Nimemaliza nusu. Nimeimba garini!

Jumanne, 28 Oktoba

Nimegawa. Miguu imevimba. Wateja wa mbali.

Nimepita mbele ya chuo. Sikushuka. Kuna vijana walikuwa nje wanapiga msasa milango, wamefanya kinyume cha mishipa ya mbao, wanaiharibu, nimekaribia kuteremsha kioo niwapigie kelele. Wiki ijayo, wanangu. Subirini wiki ijayo.

Alhamisi, 30 Oktoba

Sijui niandikeje.

Simu ya kwanza asubuhi, mama mwenye duka la vifaa karibu na stendi, mteja wetu wa zamani kuliko wote. "Hongera, baba! Hongera sana! Mzee kafanya jambo la maana." Nikajibu asante mama, miaka thelathini si mchezo. Akacheka. "Miaka thelathini ya nini wewe? Nakupongeza wewe!"

Nikadhani kachanganya.

Simu ya pili, mkandarasi. Hongera kijana, sasa tutakusumbua wewe. Ya tatu, fundi: mzee mpya, presha mpya! Ya nne sikupokea. Kilikuwa kimebaki kiboksi kimoja kwenye gari, cha mteja aliyesafiri. Nikashuka mpaka maegesho. Nikakaa kiti cha nyuma kama mwizi. Nikachana stika.

Upande wa kwanza ninaujua. Nikageuza.

Jina la Mzee. Lote, la kwake na la baba yake. Chini yake, herufi nyeusi zimezama ndani ya mbao:

NA MWANAWE

Na chini ya hapo jina langu.

Langu! Lote, limeandikwa sahihi. Mia mbili! Nimevigawa kwa mkono wangu mwenyewe, mlango kwa mlango, natabasamu. Watu wamenipokea na hukumu yangu wakaniambia asante.

Nimefikicha kwa kidole gumba. Mjinga mimi. Kana kwamba ni unga.

Halafu hiki ndicho kinachoniua: imekaa vizuri. Kwenye chuma isingesomeka. Kwenye plastiki ingekuwa ya kitoto. Mimi ndiye niliyechagua mbao. Mimi nilimwambia mzee wa watu kwamba mbao inazidi kupendeza miaka ikienda.

Nilipopanda juu, Mzee alikuwa mlangoni kwake. Alinyanyua nyusi, kama mtoto anayeuliza umeona? Nikasema nimeona, baba. Sauti ilinitoka imepasuka, akadhani ni furaha. Akanishika bega. Miaka sita hajawahi kunigusa, mkwe na mkwe hawagusani ovyo. Mkono wake mwepesi, sikutegemea. Mkono mwepesi na umeniweka pale pale nilipo.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nilimwonyesha mke wangu kisu jana tulipokuwa tunaosha vyombo. Nilitaka akasirike. Nilihitaji mtu akasirike kwa niaba yangu, maana mimi nimeshindwa. Alikausha mikono kwanza. Akasoma. Akasoma tena. Akakaa chini hapo hapo kwenye kiti cha jikoni, akaanza kulia.

Hakuwa anajua. Naapa kwa uso wake, hakuwa anajua.

Nikasema, unaona alichonifanyia?

Akasema: "Baba hajawahi kumwita mtu hivyo. Hata waume wa dada zangu. Hata sisi hajawahi kutuandika popote."

Nikamkumbusha Jumatatu. Chuo. Nimeshakubali. Mkuu wa chuo jana kanitumia ujumbe, darasa langu lina vijana ishirini, ananiuliza aproni saizi gani. Mke wangu akakigeuza kisu tena. Wiki zote hizi amekuwa akinisukuma, mwambie, mwambie, na sasa amekaa na kisu kiganjani, anapitisha kidole kwenye herufi.

"Utamwambiaje sasa?" akasema.

Si "mwambie". "Utamwambiaje." Nimeisikia tofauti, nikahisi kuta za jiko zinasogea.

Leo kazini nimeshindwa tena. Nimejaribu kweli! Mara ya kwanza alikuwa na mgeni, akanitambulisha kama mwanawe. Mara ya pili alikuwa anamweleza karani kwamba ubao wa nje utapakwa upya. Mara ya tatu alikuwa peke yake, mlango wazi, amevaa koti tayari kuondoka. Nikasema, baba, Jumatatu... Akanikatiza: "Jumatatu tunakwenda kwa mwanasheria, saa tatu, vaa vizuri." Yeye kashika mpini, mimi nimeshika makali, na yeye hata hajui kama kuna kisu.

Ndiyo balaa yenyewe. Angekuwa ananionea ningejua la kufanya. Mtu akikufungia mlango unaupiga teke. Huyu kanifungulia. Kanifungulia nyumba yake yote, kasimama pembeni ananisubiri niingie, na mimi nataka kutoka nje nikapige randa.

Mkono usioweza kuukata, ubusu. Wahenga hawakusema ufanye nini na mkono usiotaka kuukata.

Jumamosi, 1 Novemba

Mzee yuko sebuleni.

Kaja bila taarifa, kavaa suti. Siku ya Jumamosi! Nilikuwa na kaptula, nikakimbia kubadilisha, nikarudi, shikamoo baba, marahaba baba. Kaniita baba! Kaketi ukingoni mwa kochi. Nikaona mikono yake inatafuta pa kukaa. Mke wangu kaleta maji, hakunywa.

Nilikuwa nimeamua. Leo ndiyo leo. Kesho Jumapili, keshokutwa Jumatatu, mahali pawili hapawezi kuwa na mimi mmoja. Usiku kucha nimepanga maneno, safari hii mafupi, hata mtu mwoga anaweza kuyatoa: Baba, nimepata kazi ya kufundisha, nimekubali. Basi. Nikayaweka ulimini.

Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kiboksi. "Chako," akasema. "Kina siku yake, nilikwambia."

Kabla sijakifungua akatoa simu, akampigia mama mkwe, akaiweka mezani kwa sauti ya juu. Mama akasikika: tayari? Tayari, akasema Mzee, anafungua. Kisha akanigeukia, na sijawahi kumwona hivi, Mzee Presha, mtu anayepigia kelele malori, alikuwa anafunga na kufungua kifungo cha koti. "Sisomi vizuri mbele za watu," akasema, "na mengine mtu hawezi kuyasema kwa mdomo, nimeyachongesha. Hebu soma kwa sauti. Mama yako asikie."

Nikafungua. Mbao ile ile. Mafuta yamepakwa vizuri kuliko vingine vyote, yamepakwa na mtu aliyerudia na kurudia. Upande wa kwanza hauna kitu. Nikageuza, safari hii mbele yake, kwa ruhusa yake.

Neno moja. Si kampuni, si jina, si miaka. Herufi kubwa zimejaza mpini mzima. Hata kipofu angelisoma kwa kidole.

MWANANGU

"Soma," akasema.

"Asome!" akasema mama kwenye simu.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na maneno yangu mafupi ulimini, na kulikuwa na neno lake mkononi. Moja likitoka, lingine halina pa kwenda. Nikisoma, nimejibu. Nisiposoma, nimejibu. Mke wangu amesimama mlangoni mwa jiko na sinia. Mzee kainamisha kichwa, sikio limeelekea kwangu, anasubiri.

Nikasema: herufi ndogo, baba. Ngoja nifuate miwani.

Nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Nimekaa kitandani, naandika haya kwa sababu mikono inataka kufanya kitu. Kisu kiko pajani. Nasikia Mzee anamwambia mama atulie, mtoto anatafuta miwani. Mtoto! Nasikia mama anauliza kwani ameiweka wapi. Nasikia viatu vya Mzee, anasimama, anakaa tena.

Mlango umefunguka kidogo. Mke wangu. Kanitazama. Kakitazama kisu. Kaitazama miwani, nimeivaa, iko usoni kwangu tangu asubuhi, na baba yake ameiona tangu asubuhi.

Nikadhani atasema twende. Midomo yake ilitaka kusema kitu, sikuweza kujua ni kipi kati ya viwili. Kisha akageuza kichwa kuelekea sebuleni, akapaza sauti, laini kabisa:

"Bado anaitafuta, baba."

Akaingia. Akafunga mlango nyuma yake, akakaa kando yangu kitandani, na sasa tunaitafuta wawili.